Wiki ya Kungoja Faiba Fridley

Jumatatu, 9 Desemba

Baridi ya kuua. Nimerudi kutoka kiwandani nimekuta karatasi nyingine imebandikwa mlangoni. Nyekundu safari hii. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, mke wangu Perpétue akaitandika chini ya sufuria ya moto. Halafu ikaja ya njano. Hiyo sijui ilipotelea wapi.

Nimempa Natasha asome. Binti yangu anaelewa Kiswahili chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, hata ukimgombeza. Amesoma akiwa amekunja uso. Waya wa zamani wa intaneti unazimwa jengo zima Ijumaa adhuhuri. Hakuna kukataa. Kila nyumba inahamishiwa laini mpya, faiba. Fundi lazima aingie ndani, mtu mzima awepo, na ukuta wenye kisanduku cha zamani uwe wazi. Ambaye hakuandikisha siku yake ya fundi, shauri yake.

Sikuandikisha. Nilidhani ni matangazo. Nchi hii kila karatasi inakuuzia kitu!

Sasa shida ni Baba. Moyo wake umechoka. Daktari wa Bukavu amemrudisha nyumbani, amesema hakuna la kufanya tena. Na Baba mwenyewe ameagiza: Jumamosi saa tatu asubuhi yetu, jioni ya kule, anataka kuona watoto na wajukuu wa Marekani wamekaa pamoja, ampe kila mmoja neno lake kabla hajaondoka. Mpwa wetu Onesphore atamshikia simu.

Wamekaa pamoja wapi? Kwa mkubwa. Mkubwa ni mimi, Murhula. Nimeshatangaza kwenye kundi la ukoo, kwa sauti yangu: wote hapa kwangu Fridley, mbele ya televisheni yangu kubwa. Sisi wa kwetu neno la mwisho la baba hulipokei barabarani. Unaketi.

Nimepigia kampuni simu. Nimesikiliza muziki wao mpaka chai ikapoa. Nafasi ya karibu ni Jumanne ijayo, wameniandikisha hiyo. Jumanne!

Jioni amepiga Bagalwa, mdogo wangu. Perpétue amemwambia, mke wangu hawezi kubana siri hata ukimshonea mdomo. Bagalwa amesema nyumba yake ya Blaine iliwekwa faiba tangu kiangazi, sebule ni kubwa, twende wote kwake. Alisema kwa upole. Upole huo ndio unanichoma. Ukipokea neno la baba yako sebuleni kwa mdogo wako, kesho nani mkubwa? Nimemjibu asihangaike, fundi anakuja Alhamisi.

Fundi gani? Nitamtafuta.

Jumanne, 10 Desemba

Kazini nimepata akili. Mwenzangu wa kwenye mashine ya kukata milango ameniambia kampuni huwatanguliza wagonjwa wenye mashine nyumbani. Nikaona njia imefunguka.

Nimemngoja Natasha atoke shule. Nimemketisha, nimeweka simu katikati, nimemwambia atafsiri neno kwa neno: baba yake anapumua kwa mashine ya oksijeni, mashine inatumia intaneti, Ijumaa itazimika, na mimi pamoja nayo. Nikaanza kukohoa ili mama wa kampuni asikie.

Natasha akazungumza. Yakawa maneno machache kuliko yangu. Mama wa kampuni akacheka. Nani anamchekea mtu wa oksijeni? Nikamuuliza Natasha amesema nini. Akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba amesema ukweli: baba anasema anaumwa, lakini haumwi.

Niliacha kukohoa.

Nimemweleza kwamba hapa si suala la uongo, ni suala la babu yake. Akasema kama ni suala la babu, Baba mdogo Bagalwa ana intaneti. Kisha akavaa visikizi vyake. Perpétue alikuwa anakata mboga, amesikia yote. Kisu ndicho kilichoongeza kelele.

Jumatano, 11 Desemba

Mungu hamtupi mja wake! Nimekutana na Bi Khadijah kwenye ngazi. Anakaa juu yetu, mjane wa Malindi, binti yake ana duka la madera kule mtaa wa Frogtown. Alikuwa amebeba nguo za kufua, nikambebea. Katika mazungumzo akasema fundi wa faiba anakuja kwake Ijumaa saa nne asubuhi. Yeye aliandikisha tangu karatasi ya kwanza. Watu wa pwani wanasoma kila kitu.

Nikamweleza habari za Baba. Sikuongeza chumvi. Labda kidogo: nilisema Baba hajaona uso wangu miaka yote hii, wakati tulionana kwa simu Oktoba. Nikamwomba anipe nafasi yake, yeye achukue yangu ya Jumanne. Najua kila jioni anaongea na dada yake Malindi, wanaonyeshana walichopika. Siku hizo zote angekaa bila.

Hakufikiri hata kidogo.

“Mzazi ni mzazi, mwanangu,” alisema. “Chukua. Mimi sina niendako.”

Nilitaka kumbusu mkono. Nikabeba nguo zake mpaka mlangoni, na sabuni juu.

Jioni nimemtumia Bagalwa ujumbe: fundi amethibitishwa. Amejibu kwa kidole gumba na picha. Ndani ya picha, sebule yake, viti vimepangwa safu. Ameandika kwamba ameviweka tayari, kwa dharura tu. Dharura! Anataka nianguke, anaandaa mahali pa kuniokotea.

Alhamisi, 12 Desemba

Siku ya kuandaa nyumba. Niliomba ruhusa kazini nikasema ni mambo ya jino.

Kisanduku cha zamani kiko nyuma ya kabati. Kabati lenyewe ni la vyombo vya harusi, milango ya vioo, zawadi ya kwaya yetu kwa Perpétue alipofika kutoka kambi ya wakimbizi. Zito kupita kiasi. Nimelisukuma kwa bega, halikujali. Nimemwomba Gitonga, Mkenya anayetunza jengo, anisaidie. Amesema alibandika karatasi tatu mlangoni mwangu na mara ya mwisho nilimwambia yeye ni mtu wa kampuni za kuuza. Kweli nilimwambia. Amesema ana kazi ya theluji.

Nikaona nisisumbuke kulihamisha. Nikatoa sahani za chini, nikachukua msumeno, nikakata tundu nyuma ya kabati. Fundi atafungua mlango wa kabati, ataingiza mikono, atafanya kazi humo humo. Nadhifu! Tundu limekuwa pana kidogo kuliko nilivyokusudia. Mbao imepasuka mpaka rafu ya juu.

Perpétue amerudi kutoka hospitali anakofanya usafi, amekuta unga wa mbao kwenye vikombe. Alisimama na koti lake bado limefungwa. Nikamwambia kwamba halitaonekana, sahani zitaliziba. Akaniuliza kwa nini hatuendi Blaine. Nikamwambia ajaribu kuelewa. Akasema anaelewa vizuri sana, ndiyo maana anauliza.

Hata hivyo amekubali kupika. Nimemwagiza mbuzi, samaki, sombe yetu ya majani ya muhogo, ugali. Si kwa wageni wa Jumamosi. Kwa fundi. Kwetu mtu haingii nyumbani mwako kushika kazi tumbo likiwa tupu. Ni kumfanya punda. Na zaidi ya hapo, fundi aliyeshiba anafanya kazi kwa moyo. Anaweza kukuongezea waya mpaka chumbani. Anaweza hata kupanda kwa Bi Khadijah amfanyie papo hapo, na mimi nionekane mtu.

Wazungu hawajui siri hii. Ndiyo maana mafundi wao wanakimbia kimbia.

Ijumaa, 13 Desemba

Sijui nianzie wapi. Mdomo unaniuma, naandika nikiwa na barafu kwenye taulo.

Saa nne kamili fundi alikuja. Bi Khadijah alisimama kwenye ngazi juu akamwelekeza kwangu, akathibitisha kwamba amenipa nafasi. Nikafungua mlango, nani huyu? Kijana wetu! Habimana. Amezaliwa kambini Tanzania, mama yake anakaa Saint Paul, Kiswahili kimenyooka. Nilimkumbatia na vifaa vyake vyote. Nikajua Baba ameshaniombea.

Habimana akafanya kazi kidogo. Akatoboa ukuta kutoka nje, akaingiza waya mwembamba mweupe, ukatokea ndani ya kabati. Aliona tundu langu, akageuza macho kwa adabu. Akauacha waya umejikunja pale, akasema zimebaki dakika chache tu aunganishe kisanduku kipya.

Nikamwambia inatosha kwa sasa, aje ale.

Akakataa. Nikamwambia tena. Akasema kampuni inamfuatilia kwa kile kidude cha kiunoni, kila nyumba ina muda wake. Nikamwambia mimi ni rika la baba yake. Perpétue alikuwa ameshaweka maji ya kunawa, na akanikonyeza nimwache, lakini nilidhani ananikumbusha taulo. Mara ya tatu Habimana akaketi. Alisema mama yake akisikia amekataa chakula cha mzee hatamsamehe.

Nikaomba. Nikaombea chakula, safari yake, mama yake, Baba, na kampuni yenyewe, maana nayo ni ya watu. Kidude kikalia. Tukala. Nikamuuliza babu zake ni wa wapi, walipita njia gani kufika kambini, waliishi kijiji gani cha kambi, maana mke wangu ana shangazi aliyekuwa kule. Kidude kikalia. Nikamwambia akipuuze, nikamwongezea mbuzi. Kijana anakula vizuri, nilifurahi.

Kisha ikalia simu. Akasimama, akazungumza kwa Kiingereza kifupi, uso ukabadilika. Muda wetu umekwisha. Mfumo umemhamishia nyumba nyingine, ng’ambo ya mto, na tayari amechelewa, na hii ni mara ya pili mwezi huu. Nikamwambia amalizie zile dakika chache. Akasema zimeshafungwa, akigusa chochote kitahesabiwa kwake.

“Nisamehe, baba,” alisema. “Ningekataa ningekuwa nimekosea. Sasa nimekosea vilevile.”

Perpétue akamfungia samaki kwenye karatasi ya aluminiamu. Akaondoka nayo, amenawa mikono haraka haraka. Nimerudishiwa ile nafasi ya Jumanne niliyompa Bi Khadijah, naye amebaki hana.

Adhuhuri taa za modemu zilizima moja moja. Nilizitazama.

Lakini mimi si mtu wa kukaa nimeshika tama. Waya upo! Uko ndani ya kabati langu. Kinachobaki ni kuuunga. Kule Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu, tulikuwa tunaunga nyaya za redio za mtaa mzima, hatukuwa na vifaa, tulikuwa na meno. Unamenya ganda kwa meno, unasokota, unafunga uzi. Nilikuwa hodari. Majirani walikuwa wananiita.

Nikaingiza kichwa kabatini. Nikauma.

Ulivunjika. Waya gani unavunjika? Ndani kuna kioo! Nani mwenye akili timamu anaweka kioo ndani ya waya? Kipande kimeingia kwenye mdomo wa chini. Nilitoa kichwa kwa ghafla, rafu iliyopasuka ikashuka, na sahani sita za kwaya zikaenda nayo.

Perpétue alikitoa kwa kibano cha nyusi. Nilitaka anigombeze. Natasha alishika tochi, mwanga ukawa unarukaruka. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kisha akalia kweli.

Mdomo umevimba umefunika kidevu.

Jumamosi, 14 Desemba

Asubuhi Bagalwa amekuja mwenyewe na gari lake kubwa. Hakupiga honi. Alibisha, akasalimia, akauona mdomo wangu, akaona kabati, hakuuliza. Alisema, akiniita kaka kama kwetu, “Yaya, twende. Kiti yako iko pale, hakuna mtu ataikalia.”

Nilimjibu kwamba fundi yuko njiani. Kwa mdomo huu ilitoka kama kelele ya maji kwenye bomba, lakini alielewa. Alijua si kweli. Nilijua anajua. Akasema basi nimfuate na gari langu fundi akimaliza. Perpétue na Natasha wakaenda naye. Perpétue alinitazama kupitia dirisha la gari mpaka wakapinda kona. Gari langu lilikuwa pale pale, limewashwa kwa rimoti, limepata joto. Blaine si mbali.

Sikwenda. Nilikuwa na mpango bora: nitaingia kwa simu yangu, nikiwa nimekaa kwangu. Baba ataona mkubwa yuko nyumbani kwake, na wadogo wako kwingine. Heshima imehifadhiwa. Nikavaa suti. Nikaketi mbele ya televisheni, nikaegemeza simu kwenye kioo chake cheusi. Saa tatu ikafika.

Sebuleni mwetu mtandao wa simu haufiki. Tuko nusu chini ya ardhi. Nilikuwa nalijua hilo miaka yote.

Nikatoka nje na suti, sikukumbuka koti. Kwenye maegesho ikashika. Nikaiona sebule ya Bagalwa, wote wamekaa safu, watoto mbele sakafuni. Kiti kimoja cha mikono kitupu, katikati. Bagalwa amekaa pembeni kwenye stuli ya jikoni. Kisha ikaja sura ya Baba. Amekonda. Mashavu yameingia ndani. Lakini macho ni yale yale, na kofia yake ya sufu.

Baba akauliza, “Murhula iko wapi?”

Nikapaza sauti kwamba niko hapa. Nilipunga mkono. Hawakunisikia. Nikapaza tena, mdomo ukapasuka, damu kwenye skrini. Baba akauliza mara ya pili. Na simu ikazimika. Ilikuwa na chaji nusu! Baridi ya hapa inaua simu, kila mtu anajua, Natasha aliniambia tangu mwaka wetu wa kwanza tuiweke kwapani.

Nikakimbia ndani, nikaichomeka. Iligoma kuwaka. Niliiweka kifuani, nikaipumulia. Ilipowaka, nilitoka tena, na wote walikuwa wameshakata.

Perpétue amerudi alasiri. Hakuvua koti. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akasema:

“Alikungoja, Baba Natasha. Alikataa kuanza. Alisema mukubwa kwanza. Tulikaa tukamuangalia akipumua.”

Onesphore alipoona anachoka alimsihi aanze. Akampa kila mtu neno lake. Bagalwa aliambiwa asiniache, hata nikikosea. Natasha aliambiwa asome. Perpétue aliambiwa asante. Ilipofika zamu yangu, Onesphore alimwambia aseme tu, watanifikishia. Baba akakataa. Alisema, ya Murhula nitamupa yeye mwenyewe.

Nimefurahi kusikia hivyo. Bado neno langu lipo, halijatumika.

Jumapili, 15 Desemba

Kanisani watu walinisalimia wakiangalia mdomo. Nimesema ni jino.

Mama yake Habimana husali na dada wa kwaya yetu, kwa hiyo habari zimefika: kijana ameondolewa kwenye ratiba ya mafundi, atakuwa ghalani hadi mwaka mpya. Nimesema pole. Perpétue amesema pole haitoshi, nimpigie. Nitampigia mambo yakitulia.

Baada ya ibada ujumbe wa Onesphore umefika kwa simu ya Perpétue. Mzee amelala vizuri, ameamka, amekunywa uji, anauliza Murhula. Yuko tayari sasa hivi. Bagalwa akasema twende Blaine, atanifungia chumba, niwe peke yangu na Baba, hata yeye mwenyewe atatoka nje ya nyumba. Perpétue akasema chukua simu yangu, hapa hapa kwenye gari, mtandao umejaa.

Niliishika simu. Nitaandika ukweli, hakuna anayesoma humu. Niliona aibu. Sikutaka Baba anione na mdomo huu. Mtoto wake mkubwa, ambaye yeye mwenyewe alimsindikiza mpaka mpakani akimwambia wadogo zake wako mikononi mwake, leo amekaa ndani ya gari na mdomo wa mtu aliyepigwa sokoni. Angeuliza nini kimetokea. Ningemwambia nini? Niliuma waya?

Nikamrudishia simu. Nikamwambia amjibu Onesphore: Jumanne. Jumanne fundi anamaliza, mdomo utakuwa umepona, nitaketi kwangu nimevaa vizuri, mbele ya televisheni, na Baba ataniona mzima. Mzee amevumilia miaka themanini na kitu, siku mbili zitamshinda?

Perpétue aliandika jibu. Alichukua muda mrefu kuliandika.

Jumatatu, 16 Desemba

Baba amefariki.

Alfajiri ya hapa. Onesphore alimpigia Bagalwa, kwa sababu mimi sipatikani nikiwa ndani. Bagalwa amekuja kunigongea. Nilipofungua alikuwa amesimama na kofia mkononi na theluji nyweleni, nikajua.

Nimelia. Sijalia hivi tangu mama. Nilikaa sakafuni kati ya kochi na kabati bovu, Bagalwa akakaa karibu yangu, tukalia kama watoto. Alinishika shingo. Hakusema neno la lawama.

Onesphore amesema Jumapili, jibu langu lilipomfikia, Baba aliuliza Jumanne ni lini. Akaambiwa ni keshokutwa. Akasema sawa, ataingojea.

Siwezi kuandika leo.

Jumanne, 17 Desemba

Fundi amekuja. Mwanamke, Mmarekani. Hakutaka hata maji. Ameutoa waya kabatini, ameumulika, ameuliza kama tuna panya.

Nimesema ndiyo. Wengi.

Amesema waya huu umeharibika, lazima uvutwe mpya kutoka chini ya jengo, na hilo ni baada ya Krismasi. Kwa Bi Khadijah amemaliza haraka, alimwongeza kwenye orodha kwa huruma yake. Nimemsikia Bi Khadijah juu akicheka na dada yake. Kisha akakumbuka msiba, akashusha sauti. Baadaye ameteremka na sufuria ya wali, akasema poleni kwa Kiswahili kile chake kitamu, nikakosa pa kutazama.

Taarifa ya panya imemfikia Gitonga. Amekuja amevimba kwa hasira. “Boss, hii building haina panya,” amesema. “Nimeishi na hii building kumi na moja years.” Ataleta mitego hata hivyo, kampuni imemlazimisha.

Mazishi ni Ijumaa. Onesphore atayaonyesha kwa simu. Matanga yanaanza kesho, na ukoo mzima unauliza tunakaa kwa nani. Bagalwa amesema, kwa upole wake ule, kwamba sebule ya Blaine iko.

Jumatano, 18 Desemba

Watu wamejaa Fridley. Kwangu.

Ilikuwa rahisi kuliko nilivyofikiri. Jana kwenye kundi la ukoo shangazi mmoja wa Iowa aliuliza kama Baba aliniachia neno langu, maana kila mtu alijua lilibaki. Kidole kilijibu kabla yangu. Niliandika: ndiyo. Jumapili jioni alinipigia mwenyewe. Shangazi akauliza alisema nini, kama naweza kusema. Nikaandika kwamba alisema akifa matanga yakae kwa mkubwa.

Hakuna aliyebisha. Nani atabisha na marehemu? Bagalwa ndiye wa kwanza kufika asubuhi, na viti vyake vyote nyuma ya gari. Amevibeba mwenyewe, amevipanga mbele ya televisheni. Amebandika turubai juu ya kabati ili lisionekane. Mitego ya Gitonga ameisogeza pembeni watoto wasiumie.

Bado sijawaambia kwamba Ijumaa televisheni haitaonyesha kitu. Hilo nitalitafutia njia. Ila kuna uzuri wake: Onesphore ndiye pekee anayejua Baba hakupiga simu Jumapili, naye hayumo kwenye kundi la ukoo, na hapa kwangu simu yake haishiki. Kwa mara ya kwanza wiki hii nimeshukuru.

Perpétue naye anajua. Nilipokuwa nawasimulia wazee jinsi sauti ya Baba ilivyokuwa, nzito, ya taratibu, aliweka sinia la chai mezani, akaenda jikoni, na hajatoka tena. Natasha aliniuliza kitu. Kwa Kiswahili. Aliniuliza, “Baba, alikupigia kweli?” Nilimwambia nina wageni.

Alasiri Bagalwa alinivuta pembeni, karibu na mlango wa bafu. Macho mekundu. Alisema tangu Jumamosi hapati usingizi. Alisema, “Yaya, mimi Baba aliniambia nisikuache. Wewe alikuambia nini juu yangu?”

Nilimtazama. Ningeweza kusema pale pale. Nilifungua mdomo, umeshapona kabisa, hauumi hata kidogo. Nikamwambia lipo neno lake. Ni refu. Nitamwambia baada ya mazishi, asilipokee akiwa na uchungu.

Akanishika mikono yote miwili akanishukuru. Kisha akaenda kumwaga chumvi kwenye barafu ya mlangoni, wazee wasianguke. Mtu mzuri sana, Bagalwa.

Sasa nina mpaka Ijumaa kulipata hilo neno. Liwe la kibaba. Liwe na uzito. Lakini lisiwe zuri mno, asije akajiona.